Nilikuwa ndani ya basi Haile Selassie mwaka wa 1998: je, nina sauti mfungwa akiachiliwa mapema?

SWALI: Habari yako, wakili. Agosti 7, 1998 nilikuwa ndani ya basi kwenye barabara ya Haile Selassie, Nairobi, bomu la ubalozi wa Marekani lilipolipuka. Nilipoteza jicho la kushoto. Kaka yangu alikuwa Ufundi House, naye hakutoka. Juzi mwanangu amenisomea kwenye simu kwamba mmoja wa waliofungwa Marekani kwa ajili ya bomu lile aliachiliwa mwaka wa 2020 kwa sababu ya unene na korona, akarudi kuishi Uingereza. Hakuna aliyenipigia simu. Hakuna aliyeniuliza. Je, alistahili kutoka? Na wengine watatoka hivyo hivyo? Na mtu kama mimi, ambaye hakuwa mfanyakazi wa ubalozi, ana haki yoyote ya kupinga, au sisi tulikuwa wapita njia tu? (Mama wa Umoja, Nairobi)

JIBU: Pole sana, Mama, kwa jicho lako na kwa kaka yako. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lililonichoma. Hapana, hamkuwa wapita njia tu.

Sheria ya Marekani ya haki za waathiriwa wa uhalifu, ambayo bunge lao lilipitisha mwaka wa 2004, inamhesabu kuwa mwathiriwa mtu yeyote aliyeumizwa moja kwa moja na kosa lililoshtakiwa katika mahakama zao za serikali kuu. Haimuulizi pasipoti. Haimuulizi mwajiri wake ni nani. Na pale aliyeumizwa amekufa, jamaa zake wanaruhusiwa kusimama mahali pake. Kwa hiyo wewe una nafasi mbili: kama mtu aliyepoteza jicho, na kama dada wa marehemu. Sheria hiyo inampa mwathiriwa haki ya kuarifiwa mapema kuhusu vikao vya wazi vya mahakama na kuhusu kuachiliwa kwa mfungwa, haki ya kusikilizwa pale mahakama inapojadili kumwachilia mtu, kupokea kukiri kwake kosa au kumpa adhabu, na haki ya kuzungumza na waendesha mashtaka. Mahakama ikikataa kumsikiliza, anaweza kwenda mahakama ya rufaa, nayo imewekewa saa 72 za kutoa jibu.

Shida ni kwamba haki hiyo haikufuati nyumbani Umoja. Inamfuata mtu ambaye jina lake na anwani yake vimo kwenye orodha ya waendesha mashtaka. Familia nyingi nilizokaa nazo hazikuwahi kuambiwa kwamba orodha kama hiyo ipo. Wengine waliandikwa miaka ya 1998 na 1999, kisha wakahama nyumba, wakabadilisha nambari ya simu, au baba aliyeandikwa akafariki na watoto hawakujua la kufanya. Nitarudi hapo, kwa sababu ndipo kazi yako ilipo. Kwanza nikueleze kuhusu huyo uliyesomewa habari zake.

Ni Adel Abdel Bary, Mmisri aliyesomea sheria, aliyekuwa amepewa hifadhi Uingereza. Hakuendesha lile lori wala hakulitengeneza bomu. Kazi yake, kwa maneno aliyoyakiri mahakamani, ilikuwa ya ujumbe: kutoka London alipitisha matamko ya kudai kuhusika na milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam, na kufikisha ujumbe wa waandishi wa habari kwa Osama bin Laden na mshirika wake Ayman al-Zawahiri. Alikamatwa mwaka wa 1999. Alipinga kupelekwa Marekani hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, akashindwa, akasafirishwa Oktoba 2012. Septemba 2014 alikiri makosa matatu, likiwemo la kula njama ya kuua raia wa Marekani. Adhabu ya juu kabisa kwa makosa hayo matatu ilikuwa miaka 25. Februari 2015 Jaji Lewis Kaplan wa New York akampa miaka 25 yote.

Sasa piga hesabu pamoja nami, Mama, kwa maana hesabu hii haikuandikwa kwenye vichwa vya habari. Miaka 25 ilianza kuhesabiwa tangu alipokamatwa 1999, si tangu hukumu ya 2015. Katika magereza ya serikali kuu ya Marekani, mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa hadi siku 54 kwa kila mwaka. Zidisha 54 kwa 25, unapata siku 1,350, yaani karibu miaka mitatu na miezi minane. Toa hiyo kwenye 25, inabaki miaka 21 na miezi kama minne. Ongeza juu ya Julai 1999 na utafika vuli ya 2020. Siku yake ya kutoka ilikuwa imekwisha kupangwa: Oktoba 28, 2020. Jaji alipokubali ombi lake la huruma mapema mwezi huo, kwa hoja kwamba ana umri wa miaka 60 na unene unaomweka hatarini korona ikimpata gerezani, alimpunguzia wiki chache tu. Hata baada ya hapo alikaa mikononi mwa idara ya uhamiaji, akafika Uingereza Desemba.

Nakwambia haya kwa sababu hasira yenu ni ya haki lakini imeelekezwa mlango usio wenyewe, si kwamba nataka kumtetea. Mlioumia mkisema "kwa nini walimwachilia 2020?", watu wa Marekani watawajibu kwa karatasi kwamba alikuwa amemaliza kifungo, nanyi mtabaki bila neno. Swali lenye meno ni lile la 2014: kwa nini mtu aliyekuwa ameshtakiwa kwa njama iliyoua watu 224 alikubaliwa kukiri makosa ambayo jumla yake haiwezi kuvuka miaka 25? Jaji Kaplan mwenyewe alisita siku ile. Hakuyapokea makubaliano papo hapo. Aliwataka waendesha mashtaka wamweleze kwa maandishi ni kwa nini makubaliano hayo yana maslahi kwa umma. Hapo ndipo barua mia mbili kutoka Nairobi na Dar es Salaam zingekuwa na uzito. Baada ya nyundo ya jaji kugonga, mlango uliobaki ulikuwa mwembamba kama sindano.

Kwa nini serikali ilikubali? Siwezi kuingia vichwani mwao, lakini naamini kivuli cha kesi ya Ghailani kilikuwa juu yao. Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka wa 2004, akashikiliwa na CIA mahali pa siri, kisha Guantanamo, na mwaka wa 2010 kesi yake ikasikilizwa New York kwa mashtaka 285. Jaji alimzuia shahidi muhimu kabisa wa serikali kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana Ghailani alipokuwa akihojiwa kwa kulazimishwa. Jopo la raia likamwona hana hatia kwa mashtaka 284. Moja tu lilisimama, la njama ya kuharibu mali ya serikali ya Marekani, nalo likamletea kifungo cha maisha Januari 2011. Mashtaka yote ya mauaji yalianguka, Mama. Mtu akikwambia kwamba kuwatesa washukiwa ni kuwatetea waathiriwa, mwambie kuhusu kesi hii. Aliyenyimwa hukumu ya mauaji hapo ni kaka yako, pamoja na wenzake 223.

Sasa, je, wengine watatoka hivyo hivyo? Waliohukumiwa kifungo cha maisha kwa milipuko ile ni Wadih el-Hage, Khalfan Khamis Mohamed, Mohamed al-Owhali na Mohamed Odeh (wote 2001), Ghailani (2011) na Khalid al-Fawwaz (2015). Katika mfumo wa serikali kuu ya Marekani hakuna kuachiliwa kwa masharti kwa makosa yaliyotendwa baada ya Novemba 1987. Maisha ni maisha. Hizo siku 54 haziwahusu, kwa maana huwezi kutoa siku kwenye idadi isiyo na mwisho. Kwa hiyo yaliyompata Bary hayawezi kujirudia kwao kwa njia ile ile, na usilale macho kwa hofu hiyo.

Lakini milango mitatu ipo na ni vyema uijue. Wa kwanza ni ule wa huruma, wa ugonjwa na uzee. Zamani ombi hilo lilitoka kwa wakuu wa magereza peke yao. Tangu sheria ya mwaka wa 2018, mfungwa mwenyewe anaweza kumwendea jaji akishasubiri siku 30 baada ya kumwomba mkuu wa gereza lake. Watu hawa wanazeeka. Maombi yatakuja, na mara nyingi jaji huyaamua kwa kusoma karatasi chumbani mwake bila kikao cha wazi. Ndiyo maana nasema barua iliyoko kwenye faili inazidi maandamano ya nje ya lango. Mlango wa pili ni msamaha wa rais wa Marekani, ambao hakuna mahakama inayoweza kuuzuia, ingawa kanuni zao zinatambua kwamba mwathiriwa aarifiwe na atoe maoni ombi la msamaha linapochunguzwa. Wa tatu ni serikali kubadilishana wafungwa. Mfanyabiashara wa silaha Viktor Bout alikuwa na kifungo cha miaka 25 aliporudishwa Urusi Desemba 2022 kwa njia hiyo. Huko hakuna daftari la waathiriwa wala siku ya kusikilizwa. Ni siasa tupu, na silaha yake ni wabunge na vyombo vya habari.

Jinsi ya kuingia kwenye orodha sasa. Andikia kitengo cha mashahidi na waathiriwa katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali kuu, Wilaya ya Kusini ya New York, Manhattan. Wao ndio walioendesha kesi zote nilizozitaja. Eleza kwamba wewe ni mwathiriwa wa mlipuko wa Nairobi wa Agosti 7, 1998, na uombe kuandikishwa katika mfumo wao wa kuwaarifu waathiriwa kwa kila mfungwa niliyemtaja, jina kwa jina. Ukishaandikishwa utapewa nambari yako na namba ya siri, na taarifa za mfungwa kuhamishwa, kuomba kutoka au kufa zitakujia kwa barua pepe. Weka barua pepe ya mwanao pamoja na yako. Nimeona taarifa zikipotea kwa sababu ziliwekwa anwani ya cyber iliyokwisha fungwa.

Vielelezo: chochote cha wakati ule. Kadi ya hospitali au muhtasari wa matibabu kama ulilazwa Kenyatta au ulipelekwa Kikuyu kwa jicho. Fomu ya P3. Abstract ya polisi. Cheti cha kifo cha kaka yako pamoja na kitu kinachoonyesha mlikuwa ndugu. Ikiwa karatasi ziliungua, zilipotea au hazikuwahi kutolewa, usikate tamaa. Kula kiapo mbele ya kamishna wa viapo ueleze ulipokuwa na yaliyokupata, na umwombe daktari wa macho aandike leo hali ya jicho hilo na chanzo chake. Makovu ya kioo yana lugha yake, na daktari mzoefu huyasoma. Watu wengi walipofuka siku ile kwa kitu kimoja: walisikia mlipuko mdogo wa kwanza wa guruneti, wakaenda dirishani kutazama, kisha bomu lenyewe likawapasulia vioo usoni. Daktari hahitaji kuelezwa mara mbili.

Barua yenyewe iandike kwa Kiswahili chako, kisha itafsiriwe, na mtafsiri aweke sahihi yake kwamba ametafsiri kwa ukweli. Isizidi kurasa mbili. Naomba unisikilize vizuri hapa, kwa maana nimesoma barua nyingi za uchungu mtupu ambazo hazikumsaidia jaji. Jaji anayepima ombi la huruma anatakiwa kutazama, pamoja na afya ya mfungwa, uzito wa kosa, adhabu inayolingana nalo na usalama wa watu. Mpe vitu vya kuweka kwenye mizani hiyo. Mwambie ulikuwa na umri gani. Mwambie ulifanya kazi gani na ni lini uliiacha kwa sababu ya jicho. Mwambie ni nani aliyewalipia watoto wa kaka yako karo. Kama bado kuna vipande vya kioo mwilini mwako, mwambie viko wapi. Kama hupandi basi hadi leo, mwambie unavyokwenda Gikomba kwa miguu. Usiandike habari za dini ya mfungwa wala kabila lake. Walikufa Waislamu na Wakristo pamoja pale Moi Avenue, na maneno hayo yatampa wakili wa upande wa pili nafasi ya kuitupa barua yako yote. Usidai adhabu ambayo jaji hana uwezo wa kuitoa. Sema tu unachoomba: asiachiliwe, au akiachiliwa uarifiwe kabla, na masharti yawe haya na haya.

Kuna waliosamehe, nao ni waathiriwa kama wewe. Nimewahi kukutana na familia moja ambayo mjane hataki kabisa kusikia habari za wafungwa hao na mtoto anataka kuzifuata zote. Mruhusuni kila mmoja aandike yake. Sheria inamsikiliza mtu mmoja mmoja, haihitaji ukoo mzima ukubaliane.

Sasa niseme jambo la pesa, kwa sababu nahisi ndilo lililokufanya uulize kama ninyi ni wapita njia. Mwaka wa 2020 Sudan, iliyomhifadhi bin Laden tangu 1991 hadi 1996, ilikubali kulipa dola milioni 335 kumaliza kesi za waathiriwa wa ugaidi, zikiwemo za milipuko ya balozi. Kwa upande wa milipuko hiyo, makubaliano yale yalihusu raia wa Marekani na watu walioajiriwa na ubalozi au kufanya kazi kwa mkataba nao. Hata humo, familia ya mfanyakazi Mmarekani aliyeuawa ilipangiwa dola milioni 10, na ya mfanyakazi asiye Mmarekani dola 800,000. Mwenye duka, mwanafunzi wa chuo cha uhazili cha Ufundi House, abiria wa basi: sufuri. Kati ya watu 213 waliokufa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Nimeona wazee wakitoka kwenye mkutano wa kuelezwa habari hizo wakisema, "Basi sisi hatukuumia." Ni dhuluma, na nasema hivyo nikiwa wakili ninayezijua sababu za kisheria zilizoleta mpaka huo. Lakini elewa, Mama, kwamba mpaka ule uliwekwa na sheria ya kushtaki mataifa ya kigeni kwa madai ya pesa. Hauigusi ile sheria ya haki za waathiriwa katika kesi ya jinai. Aliyekunyima fidia hakukunyima sauti. Watu wengi wamekaa kimya miaka yote hii kwa kuchanganya mambo hayo mawili, na ukimya wao umeacha orodha ya New York ikijaa majina ya wachache.

Kwa wasomaji ambao mfungwa wao yuko hapa Kenya, wa mashambulizi ya Westgate au ya Chuo Kikuu cha Garissa, njia ni nyingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 50(9), iliagiza sheria ya kuwalinda waathiriwa, nayo ikaja mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa, ilisema wazi kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki kesi yeye mwenyewe au kwa wakili wake, si kukaa nyuma kama mtazamaji. Kabla ya adhabu kutolewa anaweza kuiambia mahakama madhara aliyoyapata. Baada ya hukumu kuna msamaha wa theluthi kwa wafungwa wengi wa vifungo vya miaka, na kuna msamaha wa rais chini ya kifungu cha 133. Kifungu hicho kina ibara ya nne ambayo watu wachache huisoma: kamati inayomshauri rais inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa wa kosa hilo. Neno ni "inaweza", si "lazima", na huo ni udhaifu. Lakini kamati haiwezi kuzingatia maoni ambayo hayakuandikwa. Iandikieni kamati hiyo mapema, msingoje hadi mkesha wa sikukuu majina yanaposomwa redioni. Na kwa familia za Garissa, ambao Novemba 2021 waliamka kusikia kwamba mmoja wa waliofungwa kwa mauaji ya watu 148, wengi wao watoto wao, ametoroka gereza la Kamiti pamoja na wenzake wawili: walikamatwa Kitui siku chache baadaye, lakini najua usiku ule mlivyoupitisha. Kuarifiwa mara moja mfungwa anapotoroka ni jambo la kudaiwa kwa nguvu ile ile.

Upo mpaka mmoja ambao sitaki mtu auvuke. Desemba 2024 Mkenya mmoja alirudishwa nyumbani kutoka Guantanamo alikoshikiliwa tangu 2007. Hakuwahi kushtakiwa. Wengine waliita hiyo "kuachiliwa mapema". Siyo. Mtu asiyehukumiwa hana kifungo cha kupunguzwa, na mwathiriwa hana hukumu ya kuitetea. Kama kuna ushahidi, dai lenu liwe kesi. Kama hakuna, mkimpinga mtu huyo mnapoteza bure heshima ya sauti yenu.

Mwisho nataka nikupe habari ya Uhispania, kwa kuwa huko waathiriwa wamepigana vita hivi kuliko mahali pengi. Kundi la ETA, lililopigania uhuru wa eneo la Basque, liliua watu zaidi ya 800 kwa miongo kadhaa, na waathiriwa walianzisha chama chao mwaka wa 1981. Sheria ya zamani ya nchi hiyo ilisema hakuna mtu atakayekaa gerezani zaidi ya miaka 30, hata akihukumiwa elfu tatu, na siku za kazi gerezani zilipunguzwa kutoka hiyo 30. Mwaka wa 2006 Mahakama yao ya Juu ikabadilisha hesabu: siku hizo zipunguzwe kutoka kila hukumu moja moja, yaani kwa vitendo mfungwa akae 30 kamili. Waathiriwa wakashusha pumzi. Inés del Río, aliyehukumiwa jumla ya miaka 3,828 kwa mashambulizi yaliyoua watu 24, alikuwa atoke 2008. Akasogezwa hadi 2017. Akashtaki Strasbourg, na Oktoba 21, 2013 mahakama ya Ulaya ikasema huwezi kumrefushia mtu kifungo kwa kubadilisha hesabu nyuma yake. Akatoka kesho yake, na makumi ya wengine wakamfuata. Jumapili iliyofuata uwanja wa Colón, Madrid, ulifurika watu wenye uchungu.

Nilipoanza kazi hii nilidhani habari hiyo ni ya kushindwa. Leo naisoma tofauti kidogo, kwa ajili ya kilichotokea baadaye. Mwaka wa 2015 Uhispania ilipitisha sheria inayompa mwathiriwa wa makosa makubwa, ugaidi ukiwemo, haki ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa jaji wa kumwachilia mfungwa kwa masharti. Hata kama hakuwa mhusika katika kesi, mradi aliomba kuarifiwa. Mradi aliomba. Hawakupata miaka mingine juu ya vichwa vya wafungwa wa zamani. Walipata kiti mezani kwa kila uamuzi unaokuja. Kwetu Kenya kiti hicho bado ni cha kubahatisha, na kubadilisha lile "inaweza" la kifungu cha 133 ni kazi ya kikatiba na ya muda mrefu. Lakini sheria ya 2014 inaweza kurekebishwa na Bunge ili idara ya magereza ilazimike kumwarifu mwathiriwa aliyejiandikisha kabla ya mfungwa wa ugaidi kutoka, na ombi hilo ningelipeleka kwa mbunge wako kesho.

Jambo moja dogo kabla hujaanza kuandika. Nenda bustani ya kumbukumbu pale Moi Avenue, penye ule ukuta wa majina, ukatazame jina la kaka yako lilivyochongwa. Kisha uliweke kando ya cheti chake cha kifo na kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Majina yetu hupotoshwa sana na makarani, na tofauti ya herufi moja imewahi kusimamisha faili la familia moja ninayoijua kwa mwaka mzima. Ukiona tofauti, kiapo chako kianze na sentensi hiyo: kwamba aliyeandikwa hivi ukutani na aliyeandikwa hivi kwenye cheti ni mtu mmoja, naye alikuwa kaka yako.